Climat si hali ya hewa: jina la shamba la mizabibu huko Bourgogne

Tuanze na sentensi ambayo mwanafunzi yeyote wa tafsiri anaweza kukutana nayo: mtu fulani amerithi kwa mjomba wake sehemu ya climat moja karibu na mji wa Beaune. Kamusi ya Kifaransa na Kiswahili itampa majibu mawili kwa neno climat: hali ya hewa, au tabianchi. Jaribu kuyaweka katika sentensi hiyo. Hakuna mjomba anayerithisha hali ya hewa, na hata angekuwa nayo asingeweza kuikata vipande na kuigawia watoto wa dada yake.

Katika Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa, climat ni kipande cha shamba la mizabibu. Kina mipaka inayojulikana, kina jina lake, na kina divai ambayo wanywaji wanadai kuitambua ulimini. Mwaka 2015 UNESCO iliziandikisha climats hizo katika Urithi wa Dunia. Zilizohesabiwa ni 1,247, zote katika ukanda mwembamba wa kilomita kama 60 unaoanzia Dijon kwenda kusini. Mtu anaweza kuupita kwa gari kabla chai yake haijapoa vizuri, na ndani yake kuna majina zaidi ya elfu moja ya mashamba.

Swali langu ni la isimu: kwa nini neno tunalolijua kuwa la hewa limekuwa huko jina la ardhi, na sisi tulitafsiri vipi? Lakini swali hili halijibiki ukiwa umekaa maktabani na kamusi tu. Lazima tupande kilimani kwanza.

Kabla ya kupanda, hatua moja nyuma katika historia ya neno. Kigiriki cha kale kilikuwa na nomino klima, iliyotokana na kitenzi chenye maana ya kuinama au kuegemea. Klima ni mwinamo. Wanajiografia wa Kigiriki waliitumia kwa mwinamo wa dunia kuelekea ncha yake, kisha kwa ukanda wa dunia wenye mwinamo mmoja, yaani eneo. Kutoka hapo neno lilichukua njia mbili. Kiarabu kiliichukua kuwa iqlim, nayo ikabaki na maana ya eneo, jimbo. Kilatini kiliichukua kuwa clima, Kifaransa kikairithi, na maana ikasogea polepole kutoka eneo hadi hewa ya eneo. Kwa hiyo maana ya mahali ndiyo mzazi, na maana ya hewa ni mtoto. Watu wa Bourgogne hawakulipotosha neno. Matumizi yao yako karibu na mzazi kuliko yetu. Na kwamba klima ni mwinamo, na mashamba yao yako kwenye mteremko, hiyo ni bahati ya maneno tu na haithibitishi kitu, ingawa nakiri inanipendeza.

Sasa kilimani. Beaune iko nyuzi 47 kaskazini ya ikweta. Huko jua halifiki utosini hata katikati ya mwaka, na mzabibu unaishi karibu na mpaka wa uwezo wake wa kuivisha matunda. Hauanzi kukua mpaka wastani wa joto la siku ufikie nyuzi 10 hivi. Machipukizi hutoka Aprili, maua Juni, na kutoka ua hadi mavuno ni kama siku 100. Katika siku hizo zabibu inatakiwa ijae sukari na wakati huohuo ipunguze uchachu. Sukari ndiyo inayogeuka kuwa alkoholi: gramu kama 17 za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu hutoa digrii moja. Joto likipungua, divai inatoka nyembamba na kali. Joto likizidi, uchachu unaungua kabla ya harufu kukomaa, na divai inakuwa nzito, tamu puani lakini imelala mdomoni. Mahali penye joto tele, hatua 50 kwenda juu au chini hazibadilishi sana. Mahali ambapo joto linatosha kwa shida, hatua 50 zinaweza kuamua kama zabibu zitaiva au hazitaiva.

Mteremko wenyewe unaitwa kwa kifupi la Côte, nao kwa sehemu kubwa unatazama mashariki na kusini-mashariki. Jua la asubuhi linaupiga usoni, umande unakauka mapema, na kuvu inapata nafasi ndogo ya kuozesha matunda. Kwa sababu ardhi imeinama, miale inaifikia ikiwa imesimama zaidi kuliko kwenye uwanja tambarare, na kila hatua ya udongo inapokea joto zaidi. Usiku mambo yanageuka. Hewa baridi ni nzito. Inateremka kama maji na kutuama chini. Ndiyo maana chini kabisa, karibu na barabara kuu, ndiko jalidi, ile barafu nyembamba ya alfajiri, linakoua machipukizi ya Aprili. Juu kabisa, penye msitu, upepo ni mkali na udongo ni haba. Katikati, kwenye mita 250 hadi 300 hivi juu ya usawa wa bahari, ndiko ziliko nyingi ya climats zenye daraja la juu kuliko yote, grand cru. Hapa na pale vibonde vinaukata mteremko na kuleta hewa baridi kutoka nyuma ya kilima, na jirani wa kibonde huvuna baadaye kuliko mwenzake aliye mbali nacho kidogo.

Halafu kuna maji. Kilima hiki ni mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi wenye chokaa, wa zama za Jurassic, uliovunjika na kuporomoka kwa muda mrefu sana. Katikati ya mteremko kokoto na mfinyanzi vimechanganyika: mvua inapita, lakini kiasi kinabaki kwa ajili ya mizizi. Mzabibu unapata kiu kidogo. Kiu hiyo ndiyo inayotafutwa, kwa kuwa inazuia majani kutawala na inatoa zabibu ndogo. Katika zabibu ndogo ganda ni jingi ukililinganisha na maji yake, na ganda ndilo lenye rangi, harufu na tanini, kile kinachokaza ulimi kama ganda la ndizi mbichi. Chini ya mteremko udongo ni wa kina na maji hayakosekani. Mzabibu unashiba, unavimbisha matunda, na divai inakuwa ya kawaida.

Mtu wa Haut-Katanga hahitaji pasipoti ili aelewe hili. Mkulima wa pembezoni mwa Lubumbashi anajua kwamba kichuguu kikubwa kilichosimama katikati ya shamba lake si udongo uleule. Kina mfinyanzi na rutuba kuliko ardhi nyekundu inayokizunguka, ndiyo maana anakipanda mahindi au maboga hadi juu. Shamba moja, udongo aina mbili, na jicho la mkulima limeshauona mpaka. Tofauti ni kwamba mkulima wetu anatafuta mahali ardhi inaposhibisha, na wa Bourgogne anatafuta mahali inaponyima kidogo.

Hapa niweke angalizo, kwa kuwa waandishi wa divai wanapenda kuandika kwamba unaonja mawe. Mzabibu hauvuti ladha ya jiwe kwa mizizi. Madini unayochukua ni kidogo mno, na mengi hayana ladha yoyote ya kutambulika. Jiwe linafanya kazi kwa njia ya maji na joto: linapitisha au linazuia maji, linapata moto au linapoa. Kusema divai ina ladha ya chokaa ni sitiari, na sisi wa fasihi hatuna ugomvi na sitiari mradi tuiite hivyo.

Turudi kwenye majina, maana hapa ndipo isimu inapata chakula chake. Majina mengi ya climats ni maelezo ya ardhi yaliyoganda. Les Perrières ni mahali pa machimbo ya mawe. Les Grèves ni changarawe. Les Genevrières ni mahali palipokuwa na vichaka vya genévrier, mti unaovumilia ardhi kavu. Montrachet, jina linalotetemesha wanunuzi wa divai nyeupe, ni mlima wenye upara, usioota kitu kirefu. Kiswahili kina hazina hiyohiyo. Tunacho kiambishi -ni cha mahali, na kwa hicho pwani nzima imejaa Mbuyuni, Miembeni na Maweni. Ningemwambia mzee wa Mombasa kwamba kuna shamba linaitwa Les Perrières, angelibatiza Maweni bila kufikiri mara mbili. Les Grèves lingekuwa Changaraweni, na Montrachet, kwa ruhusa yenu, Kilima Kipara.

Kinachofanya majina ya Bourgogne yawe tofauti ni kwamba yametoka kwenye ardhi yakaingia kwenye chupa, na kutoka kwenye chupa yakarudi kuvitawala vijiji. Mwaka 1847 kijiji cha Gevrey kiliongeza jina la climat yake mashuhuri, kikawa Gevrey-Chambertin. Mwaka 1879 Puligny na Chassagne, vijiji viwili vinavyogawana shamba la Montrachet, vyote viwili vililichukua jina lake. Kijiji kimelala na jina lake, kimeamka na jina la shamba. Si wivu wa bure: climat ya Romanée-Conti ni hekta 1.8 tu, ndogo kuliko viwanja vya vyuo vingi, na chupa yake moja ingelipa minerval ya watu kadhaa katika darasa letu. Ng'ambo ya kijia chembamba cha shamba kuna mizabibu ya aina ileile, Pinot Noir, ambayo chupa yake inauzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo.

Je, jina linasema ukweli wa ardhi kila mara? Hapana, na mfano mzuri ni Clos de Vougeot. Watawa wa Cîteaux, abasia iliyoanzishwa mwaka 1098, ndio waliolikusanya shamba hili na kulizungushia ukuta. Ni hekta kama 50, kutoka juu karibu na jumba hadi chini barabarani. Juu maji yanapita vizuri. Chini udongo ni mzito na mvua ikinyesha unashika maji. Lakini ukuta ni mmoja, jina ni moja, na daraja la sheria ni moja, grand cru, kutoka jiwe la juu hadi la chini. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwanyang'anya watawa, shamba likauzwa, na mwishoni mwa karne ya 19 likaanza kukatwa. Leo lina wamiliki kama 80. Mnunuzi anayesoma jina kwenye karatasi ya chupa hajui kama zabibu zake zilitoka juu au chini. Ukuta ule ulijengwa kufuata mali ya abasia, na udongo haukuulizwa. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: climat ni ardhi na hewa, lakini pia ni uamuzi wa watu wenye nguvu, uliowekwa kwa mawe na baadaye kwa karatasi.

Uamuzi wa aina hiyo uligusa hata mche wenyewe. Mwaka 1395 mtawala wa Bourgogne, Philippe le Hardi, aliamuru mizabibu ya aina ya Gamay ing'olewe katika mashamba yake, kwa kuwa ilizaa sana na divai yake aliiona duni. Gamay ilitafuta makao kusini, kwenye vilima vya Beaujolais, na pale, juu ya mawe ya granite, ikatoa divai nyepesi yenye harufu ya matunda ambayo dunia nzima inaipenda. Mche uliofukuzwa kwenye chokaa ulipata heshima kwenye granite.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna mfano wa karibu zaidi, nao unaonyesha hewa ikifanya kazi ambayo Bourgogne inafanywa na mteremko. Dodoma, katikati ya Tanzania, iko nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, katika nchi kame. Hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Usipoupogoa, unaendelea tu. Kwa hiyo mwaka wa mzabibu hauanzi kwa Aprili ya mbinguni, unaanza siku mkulima anaposhika mkasi, na kwa mpango huo anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu zinazoiva wakati wa mvua zinakunywa maji na kuandamwa na kuvu. Zinazoiva kiangazi, chini ya jua kavu na usiku wa baridi ya nyanda za juu, zinakusanya sukari vizuri. Shamba moja linakuwa kama mashamba mawili kulingana na mwezi. Na Dodoma imetufaa sisi wanaisimu kwa jambo jingine: istilahi. Wakulima wa huko wanasema kupogoa bila kuazima, na maji ya zabibu yaliyokamuliwa wanayaita mchuzi wa zabibu. Sisi wa Lubumbashi, ambao mchuzi kwetu ni wa kulia bukari, tunacheka kwanza. Kisha tunaona kwamba neno limeshapatikana na halihitaji kamati. Msamiati wa kinywaji chenyewe umeshatembea sana hata hivyo: divai ni du vin ya Kifaransa iliyomezwa pamoja na kiambishi chake, mvinyo ni vinho ya Wareno, na zabibu ni neno la Kiarabu ambalo kwa wenyewe ni tunda lililokaushwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mfumo wa climats umesimama juu ya dhana kwamba ardhi na hewa ya mahali ni kitu kimoja kisichohama. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1935 ilianzisha majina yanayolindwa, na kuanzia 1936 climats za Côte zikaingizwa humo kwa madaraja. Madaraja hayo yalifuata kumbukumbu ya karne nyingi: wapi panaiva mapema, wapi pana jalidi, wapi pamebaki na baridi. Lakini Beaune ina kumbukumbu nyingine, iliyoandikwa na makarani ambao hawakujua wanaiandikia sayansi: tarehe za kuanza kuvuna, ambazo wanahistoria wameziunganisha kutoka mwaka 1354 hadi 2018. Kwa zaidi ya miaka 600, hadi 1987, mavuno yalianza kwa wastani tarehe 28 Septemba. Tangu 1988 yanaanza siku 13 mapema. Mwaka 2003, mwaka wa joto kali Ulaya, walivuna Agosti.

Siku 13 kati ya siku 100 si kitu cha kupuuza. Katikati ya mteremko, palipochaguliwa kwa sababu ndipo palipotosha joto, sasa kuna miaka ambayo joto linazidi: sukari inapanda, uchachu unashuka, na mvunaji anakimbizana na kalenda. Huko juu nyuma ya Côte, kwenye vilima vya Hautes-Côtes, ambako zabibu zilikuwa zinaiva kwa kusuasua na jina likawa dogo, matunda sasa yanaiva. Na joto la mapema lina mtego wake. Machipukizi yanatoka mapema, jalidi halijaondoka. Mwanzoni mwa Aprili 2021 baridi ya usiku michache iliunguza mashamba mengi ya Ufaransa, Bourgogne ikiwemo, na wakulima walikesha wakiwasha mishumaa mikubwa kati ya safu za mizabibu ili kuipa hewa joto la nyuzi moja au mbili. Jina lililo kwenye sheria halikusogea hata hatua moja. Maweni bado ni Maweni, mawe yako palepale. Nusu ya pili ya neno climat, ile ya hewa, ndiyo inayohama, na daraja lililotolewa kwa nusu zote mbili limebaki kama lilivyoandikwa.

Basi tutafsiri vipi? Wapo watakaosema tuliache climat kama lilivyo, kwa herufi za mlazo, na tuendelee. Kwa andiko la kitaalamu sipingi. Lakini kwa msomaji wa kawaida ninapendekeza ngwe. Ngwe ni kipande cha shamba kilichopimwa na kukabidhiwa mtu. Kina mpaka, kina mwenyewe, kinarithishwa. Konde linakaribia, ila halina kipimo. Kitalu kimeshachukuliwa na miche na wawindaji. Ngwe inakosa kitu kimoja, ile tabia ya mahali inayoingia kwenye chupa, yaani kile ambacho Wafaransa wanakiita terroir.

Kwa terroir, sisi tuna neno ambalo tumelivaa vibaya. Tabianchi leo tunalitumia kwa hewa peke yake, kwenye mikutano na kwenye redio. Lifungue: tabia, nchi. Nchi hapa siyo dola yenye bendera. Ni ile ya nchi kavu, udongo unaokanyagwa, mzizi wa Kibantu wa ardhi. Tabia ya nchi ni mwenendo wa ardhi pamoja na jua lake, maji yake na upepo wake. Liache likiwa maneno mawili, ili lisichanganywe na lile la mikutano, nalo linabeba terroir bila kuongezewa kitu. Sentensi ya mjomba basi inasomeka hivi: amerithi kwa mjomba wake sehemu ya ngwe moja karibu na Beaune. Na ile ambayo mtafsiri mwenzangu ataikuta kwenye ukurasa unaofuata, inayosema kwamba climat hiyo inapoteza terroir yake, itasomeka: ngwe ni ileile, tabia ya nchi inabadilika.